Jinsi ya kusoma tongo bila kuchimba: niliyojifunza kwa Wairokwoi na namna ya kuyafanya hapa Tabora

Kama umekulia Tabora unalijua tongo hata kama hujawahi kulitilia maanani. Unakatiza shamba la mtu, ghafla kuna mwembe mmoja mkubwa umesimama peke yake, minyaa imejipanga mstari, udongo umekuwa mweusi mweusi na mahindi ya hapo yamenenepa kuliko ya pembeni. Ukimuuliza mzee anakwambia hapo palikuwa kwa fulani, walihama. Stori inaishia hapo. Nataka nikuelekeze jinsi ya kuiendeleza, yaani ukiwa na daftari, kamba na simu yako ya kawaida utafanyaje ili tongo likwambie watu walikuwa wangapi, walilala wapi, walitupa wapi takataka na waliondoka kipindi gani, na yote hayo bila kushika jembe wala sururu.

Wengi wetu tukisikia akiolojia tunawaza mawe, Kilwa, Misri, maghofu. Sisi huku bara tulijenga kwa miti, udongo na nyasi kwa hiyo mtu anakwambia hakuna kilichobaki, mvua na mchwa wamemaliza. Na mimi niliamini hivyo mpaka nilipoanza kusoma habari za Wairokwoi wa Marekani ya Kaskazini, watu ambao hata ukuta wa udongo hawakuwa nao, nyumba zao zilikuwa miti na magome ya miti basi, alafu kule baridi na theluji juu. Lakini leo wanaakiolojia wanaweza kukuchorea kijiji chao kizima nyumba kwa nyumba, na jiko kwa jiko. Nikasema kama kule imewezekana kwa magome, hapa kwetu kwenye udongo ulioungua na mafiga ya mawe inashindikanaje?

Tuwajue kwanza kwa kifupi. Wairokwoi ni mataifa mengi yenye lugha za ukoo mmoja, kama vile Kinyamwezi, Kisukuma na Kisumbwa zinavyofanana. Upande wa New York ya leo walikuwepo Wamohawk, Waoneida, Waonondaga, Wacayuga na Waseneca, hawa watano waliungana wakajiita Haudenosaunee, maana yake watu wa nyumba ndefu, na kwenye 1722 hivi Watuscarora wakaingia wakawa sita. Upande wa Ontario, Kanada, kulikuwa na Wawendat ambao Wafaransa waliwaita Wahuron, na jirani zao Wapetun ambao jina hilo la Kifaransa maana yake ni watu wa tumbaku. Sisi wa Urambo na Sikonge tunaoishi na tumbaku hapo hatuhitaji mkalimani.

Kitu kilichonivuta zaidi ni shamba lao. Walipanda mahindi, maharage na maboga sehemu moja, maharage yanapanda kwenye bua la mahindi, boga linatambaa chini linafunika udongo usikauke, na wenyewe wanayaita dada watatu. Bibi yangu kule Sikonge anapanda vilevile mpaka leo, na mazao yote hayo matatu yalianzia kwao Amerika yakavuka bahari yakatufikia sisi. Walitwanga mahindi kwenye kinu cha gogo kwa mchi mrefu. Kwa hiyo ukisoma tongo la Mwendat unasoma jiko ambalo unalifahamu, na hiyo inasaidia sana.

Sasa twende kazini, na kabla hujaenda popote omba ruhusa. Nenda kwa mwenye shamba, alafu kwa mwenyekiti wa kijiji, salimia vizuri, mwangaluka yako iwe ya kutulia, eleza unataka kutembea, kupiga picha na kuchora ramani tu. Sema wazi hutachimba. Hii sio adabu peke yake, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimba eneo la kale bila leseni ni kosa, vitu vya kabla ya 1863 vinalindwa moja kwa moja. Alafu kuna tatizo letu la hapa hapa, wale wanaotafuta mali za Wajerumani. Kwa sababu ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo ilipigwa hapa Tabora 1916, watu wanaamini kila penye jengo la zamani pana sanduku limefukiwa. Nimeona tongo limetobolewa mashimo kama ishirini, usiku, na walichopata ni vigae ambavyo wamevitupa pembeni. Lile tongo halisomeki tena. Kwa hiyo ukionekana unazunguka na kamba watu watakuhisi hivyo hivyo, ndo maana nasema anza kwa wenyeji na mchukue mmoja wao muende wote.

Wakati mzuri ni mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikishanyesha na shamba limelimwa lakini mazao hayajaota. Kule Ontario wanafanya hivyo hivyo, wanasubiri shamba lilimwe na mvua inyeshe ioshe udongo, vigae na shanga vinabaki juu vinang'aa, alafu wanatembea kwa mistari, mtu na mtu mita 5. We chukua watu wanne au watano, vijana wa shule wanapenda sana hii kazi, jipangeni mita 5, tembeeni taratibu macho chini mkielekea kitu kimoja kama mti au kichuguu. Kila mtu awe na vijiti vyenye kitambaa. Ukiona kigae, chomeka kijiti. Ukiona jivu, chomeka. Shanga, mfupa, kipande cha udongo mwekundu ulioungua, chomeka. USIOKOTE.

Hapo kwenye kuokota naomba nisisitize maana niliumia mwenyewe. Mara ya kwanza kabisa nilipita tongo moja karibu na njia ya Kwihara, nikaokota shanga kama kumi na moja nikaweka kwenye mfuko wa nailoni nikafurahi, nikarudi nyumbani. Baadae nikajiuliza zilikuwa pamoja au zimetawanyika? Zilikuwa karibu na jivu au mlangoni? Sikujua, na hakuna tena namna ya kujua. Shanga zile sasa ni shanga tu. Kitu kikishatoka mahali pake kinanyamaza, na ukishamaliza kuokota huwezi kurudisha.

Ukishamaliza kuchomeka vijiti, rudi nyuma upande kwenye kichuguu uangalie. Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Vijiti havitakaa sawasawa, vitajikusanya, huku vingi, huku hakuna kabisa, na mkusanyiko huo ndo kijiji chenyewe. Piga picha toka juu. Alafu chora, na kuchora sio lazima uwe fundi: chagua kitu kimoja ambacho hakitahama, mwembe au jiwe kubwa, kiite A, kaskazini uipate kwa dira ya simu, alafu kila mkusanyiko pima kwa kamba umbali toka A na uelekeo. Kamba yangu ni ya manila mita 20, nimeifunga fundo kila mita moja. Jipiesi ya simu inakosea mita kadhaa kwa hiyo itumie kuonyesha tongo liko wapi kwenye nchi, ila ndani ya tongo tumia kamba.

Jalala ndo litakalokupa mengi. Wairokwoi walitupa takataka pembeni mwa kijiji, mara nyingi kwenye mteremko, na majalala hayo yamejaa vigae vya vyungu, mifupa ya samaki na paa, jivu, mahindi yaliyoungua, viko vya udongo vilivyovunjika. Bibi zetu pia hawakutupa jivu mbele ya mlango. Kwa hiyo ukiona udongo mweusi wa kijivu laini, una makaa madogo madogo na vigae vingi, hapo sio nyumbani, hapo ni nyuma ya nyumba, nyumba itafute upande wa juu yake au upande wa njia. Vigae vipige picha na kitu cha kipimo pembeni, rula au sarafu, hasa vipande vya mdomo wa chungu maana mdomo na shingo ndo penye urembo. Wanawake wa Kiwendat ndo walikuwa wafinyanzi na mdomo wa chungu waliuchora mistari kwa namna ya kwao, mpaka leo wataalamu wakiona mdomo wanaweza kusema huyu mama alitoka upande upi, na ukikuta vyungu vya mtindo wa mbali kwenye kijiji kimoja basi kuna wanawake walihamia pale. Ukimuonyesha mfinyanzi mzee wa hapa kwetu picha ya kigae usishangae akikwambia hiki cha huku, hiki sio cha huku.

Sasa nyumba. Hapa nitakaa kidogo.

Nyumba ndefu ya Wairokwoi ilikuwa na upana kama mita 6 au 7, na urefu wa kawaida mita 20 mpaka 30, lakini zipo zilizofika mita 90 na zaidi. Nguzo za ukuta zilikuwa nyembamba tu, unene wa kifundo cha mkono wako, zimechimbiwa ardhini zimepinda juu zikakutana, magome ya mti wa elm juu yake. Ndani katikati kuna njia, na kwenye njia majiko yamepangwa mstari, kila jiko familia mbili, moja huku na moja kule, zinaangaliana. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mama, mwanaume akioa anahamia kwa mkewe. Nguzo ikioza lile shimo lake linajaa udongo mweusi toka juu, kwa hiyo miaka 500 baadae ukiondoa udongo wa shamba chini yake kwenye udongo mwepesi wa njano unakuta madoa ya mviringo meusi, moja moja moja moja, unayafuata yanakuchorea ukuta mzima. Hakuna mti hata mmoja umebaki. Ni kivuli cha mti. Trekta na jembe vimelima pale miaka mia lakini vinafika sentimita 20 mpaka 30, doa liko chini zaidi limesalimika.

Na sisi hatuchimbi, kwa hiyo madoa tutayaonaje? Angalia mahali ambapo wengine wameshakata ardhi kwa shughuli zao. Mashimo ya kufyatulia tofali, mtaro wa barabara, korongo la maji, njia ya ng'ombe iliyozama. Simama mbele ya huo ukuta wa udongo asubuhi au jioni jua likiwa limelala, mwagia maji kidogo kwa mkono udongo ulowe rangi itoke, alafu angalia. Shimo la nguzo utaliona kama ulimi mweusi unaoshuka chini wima, kingo zake zimenyooka na mwisho umechongoka au uko bapa. Ulimi unaopinda pinda na kugawanyika ni mzizi. Unaopinda na kuwa na tundu pana ndani ni panya. Mchwa wao wanaacha vijia vingi vidogo na udongo mgumu unaong'aa. Kule Ontario hawakubali doa kuwa nguzo mpaka wamelikata nusu waone umbo lake pembeni, maana kwa juu mzizi na nguzo vinafanana kabisa, na we usikubali haraka.

Kwetu sakafu inasaidia. Msonge ukiungua au ukibomoka unaacha duara la udongo mwekundu uliooka, na mara nyingi mvua ikiosha linaonekana nusu tu, kipande cha duara. Kipande hicho kinatosha kukupa ukubwa wa nyumba nzima. Nyoosha kamba toka ncha moja ya kipande mpaka nyingine, sema umepata mita 2. Katikati ya kamba pima mpaka kwenye mzingo, sema sentimita 20. Chukua 2 mara 2 ni 4, gawa kwa 8 mara 0.2 ambayo ni 1.6, unapata 2.5, ongeza nusu ya 0.2 inakuwa 2.6, huo ndo nusu kipenyo, kwa hiyo msonge ulikuwa na upana wa mita 5.2. Tembe sasa, ile nyumba ya paa bapa, lina pembe, kwa hiyo tafuta kona, kona mbili zikipatikana umemaliza. Mafiga matatu yakiwa bado yamekaa pamoja yaandike kabisa peke yake, usiyasogeze hata kidogo, maana jiko ndo familia.

Kwenye kuhesabu watu Wairokwoi wanatufundisha tuhesabu majiko. Chukua nyumba yenye majiko 5, kila jiko familia 2, familia 10, ukikadiria watu 5 au 6 kwa familia ni kama 50 mpaka 60 chini ya paa moja. Kwetu hesabu itabadilika, jiko moja mama mmoja na watoto wake, na mwanaume mwenye wake watatu atakuwa na mafiga matatu sehemu tatu, kwa hiyo uliza wazee wa eneo hilo kwanza utaratibu ulikuwaje kabla hujazidisha chochote. Na sio lazima majiko yote yaliwaka siku moja. Kijiji kimoja cha Wawendat mji wa Stouffville, ambacho kilijulikana kwa jina la Mantle na baadae kikapewa jina la Jean-Baptiste Lainé, Mwendat aliyepigana Vita Kuu ya Pili, kilichimbwa kati ya 2003 na 2005 wakakuta michoro ya nyumba 98, lakini nyingine zimepita juu ya nyingine, nyumba imebomolewa ikajengwa mpya juu yake. Kijiji kingine, Draper, ambacho kilichimbwa miaka ya 1970 kwa sababu walitaka kujenga uwanja wa ndege hapo (haukujengwa), kilianza kidogo kikapanuliwa mara kadhaa, kila kundi likija ngome ya miti inafunguliwa na kusogezwa iwazunguke na wao. Unaweza kuona kwenye ramani mistari ya ngome ya zamani imebaki ndani ya kijiji. Kwetu angalia minyaa. Boma za Unyamwezi zilizungushiwa minyaa na minyaa haifi kirahisi, kwa hiyo ukikuta mistari miwili ya minyaa mmoja ndani ya mwingine jiulize kama kaya iliongezeka.

Kwanini waliondoka? Hili usilijibu haraka. Wairokwoi walihama kila baada ya miaka kama 10 mpaka 30 hivi, bila vita bila njaa, kwa sababu shamba limechoka, kuni ziko mbali, miti ya kujengea imeoza na wadudu wamezidi. Wanahama kilomita chache wanaanza upya. Kwa mtu wa Tabora suala la kuni halihitaji maelezo, tunaona tumbaku inavyokula miombo kwa ajili ya kukaushia na mabani, yale majengo ya kukaushia, yanavyosogea mwaka hadi mwaka. Sasa, mtu anayehama kwa mpango anabeba vitu vyake, unakuta vigae na takataka tu, kitu kizima hakipo. Mtu aliyekimbia anaacha chungu kizima jikoni na mahindi ndani yameungua. Wawendat walipatwa na magonjwa ya Ulaya mfululizo kuanzia 1634 mpaka 1640, ndui ikiwa ya mwisho, karibu nusu yao wakafa, alafu 1649 Wahaudenosaunee wakawashambulia, vijiji vikachomwa, na wamisionari Wajesuiti wakachoma wenyewe kituo chao cha Sainte-Marie walichokijenga 1639 wakaondoka. Kwenye udongo mambo hayo mawili hayafanani kabisa, kuhama na kukimbia.

Kwetu kuna aina ya tatu, matongo ya Operesheni Vijiji 1974, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na ndugu zetu wa Kigoma waliipata mapema, Operesheni Kigoma 1972. Watu walibeba mlango, mabati kama yalikuwepo, kinu, kuku. Mafiga wakaacha. Haya ndo matongo ninayokushauri uanze nayo, kwa sababu wapo wazee waliokaa humo na wanakumbuka. Mimi nilianza na la bibi. Nilichora kwanza peke yangu nikaweka nyumba nne na jalala, alafu nikamsindikiza bibi akaja na fimbo yake akanionyesha, hapa alikaa mama mkwe, hapa banda la mbuzi, hii nyumba yako ya nne mjukuu wangu haikuwa nyumba ilikuwa dungu la kuchungia ndege lilianguka likaungua. Nikafuta. Hapo nikajua jinsi dungu lililoungua linavyoonekana, na sijakosea tena. Fanya hivyo kwenye matongo mawili matatu yenye wazee, jicho lako litafundishika, ndo uende kwenye lile ambalo hakuna anayelikumbuka.

Tukija kwenye kujua umri, kuwa mwangalifu kuliko sehemu zote. Sarafu inasaidia: heller ya Mjerumani ina mwaka wake, senti ya Mwingereza yenye tundu katikati ina mwaka wake, na inachokwambia ni kwamba kitu hicho hakikudondoka pale kabla ya mwaka huo. Baada, ndio, hata miaka 40 baada. Shanga ni hivyo hivyo. Kule Ontario shanga za kioo za kutoka Ulaya wamezipanga kwa vipindi, kipindi cha kama 1600 mpaka 1630 zinatawala nyeupe na bluu za mviringo wa yai, baada ya hapo mpaka 1650 zinakuja nyekundu nyingi, kwa hiyo ukikuta mchanganyiko fulani unakadiria. Kwetu zipo samesame nyekundu zilizopita na misafara toka Bagamoyo kuja Unyanyembe mpaka Ujiji, pamoja na vitambaa vya merikani na kaniki. Baadhi ya shanga hizo, za kule na za huku, zilitoka kwenye tanuru za Venice, Italia. Watu wasiojuana kabisa, mmoja Ziwa Huron mmoja Ziwa Tanganyika, wanaweza kuwa wamevaa kazi ya mafundi wa mji mmoja.

Lakini sikiliza hili. Kile kijiji cha Stouffville wataalamu walikuwa wamekipa umri wa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa sababu vitu vya Kizungu vilikuwa karibu hakuna, ni kipande kimoja cha chuma kilichofukiwa ndani ya nyumba na vishanga viwili vya shaba. Wakasema basi ni kabla ya biashara kushika kasi. Mwaka 2018 timu ya wanaakiolojia Sturt Manning na Jennifer Birch ikapima kaboni kwenye mahindi na mimea mingine iliyoungua, vipimo vingi, ikatoka kwamba kijiji ni cha mwishoni mwa 1500 na mwanzoni mwa 1600. Wamekosea kwa miaka 50 mpaka 100! Sababu ni kwamba sio kila kijiji kilipata au kilitaka vitu vya Kizungu kwa wakati mmoja, kingine kilikuwa nje ya njia ya biashara, kingine kilikuwa na ugomvi na wenye njia. Kwa hiyo ukikuta tongo halina shanga hata moja usiandike kwamba ni la kabla ya misafara, inawezekana walikuwa upande wa pili wa vita vya mtemi Mirambo na njia ilifungwa, au walikuwa watu wa hali ya chini tu. Na kinyume chake, shanga za bibi zinarithiwa na mjukuu na mjukuu wa mjukuu, kwa hiyo shanga ya zamani inaweza kudondoka jana. Andika "shanga nyekundu 3, mita 4 kaskazini ya mafiga" alafu ishia hapo, tafsiri iwe ukurasa mwingine.

Kile kipande cha chuma kina fundisho lake pia. Walipokipiga eksirei waliona alama ya fundi, ni chuma cha Wabaske, wavuvi wa nyangumi toka Ulaya waliokuwa pwani ya mbali kabisa, na huenda kilifika kwa Wawendat kabla mzungu yeyote hajafika kwao, mkono kwa mkono. Mfaransa Samuel de Champlain mwenyewe alifika huko 1615. Vitu vinatangulia watu. Huku nako merikani ilivaliwa vijiji ambavyo Mwarabu wala wale wasafiri Waingereza Burton na Speke hawakukanyaga walipopita 1857.

Makaburi. Ukiona mawe yamepangwa, au mwenyeji akikwambia hapa kuna wetu, toka hapo, usipige picha, usiweke kwenye ramani ya kugawa kwa watu. Wawendat walikuwa na sherehe kubwa ya wafu, kijiji kikihama wanakusanya mifupa ya ndugu zao wote wanaizika pamoja kwa heshima, padri Jean de Brébeuf aliishuhudia kijiji cha Ossossané 1636 akaiandika. Kaburi hilo likachimbwa miaka ya 1940 na mifupa ikawekwa makumbusho Toronto, ikakaa huko nusu karne. Wajukuu wakadai, na 1999 wakarudishiwa wakawazika tena palepale, na 2013 wakazika wengine zaidi ya 1,700 walikuwa wamehifadhiwa kwenye maboksi. Nikisoma hiyo huwa nanyamaza kidogo. Mifupa ikitokea yenyewe kwa mmomonyoko, funika kwa udongo, mwambie mwenyekiti na wazee wa ukoo, wao ndo wataamua.

Mtu akikwambia hii kazi ni ya wageni, mwambie kuhusu Arthur Parker, mtu mwenye asili ya Kiseneca aliyezaliwa 1881 ndani ya eneo la Waseneca, akachimba vijiji vya Wairokwoi mwanzoni mwa miaka ya 1900 na 1935 akawa rais wa kwanza wa chama cha wanaakiolojia wa Marekani.

Ukirudi nyumbani, andika siku hiyo hiyo, usiache mpaka kesho. Jina la mahali kama wenyeji wanavyoliita, aliyekuruhusu, tarehe, mvua ilinyesha lini, ramani, picha namba ngapi mpaka ngapi, na maneno ya wazee kama walivyoyasema hata kama ni Kinyamwezi, usiyatafsiri kwanza. Kama kuna kitu kinaonekana kizito, mabaki ya kuyeyushia chuma kwa mfano, au vigae vingi mno kama vile vya chumvi ya Uvinza ambako watu wamechemsha chumvi zaidi ya miaka 1,000, peleka taarifa kwa watu wa mambo ya kale, hata kupitia makumbusho ya Kwihara kwenye tembe la Livingstone, au idara ya akiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Peleka taarifa na picha. Kitu kibaki pale pale.

Ramani toa nakala, moja yako, moja mwenye shamba. Ya kwa bibi anaitunza kwenye sanduku la bati chini ya vitenge, na msimu uliopita mjomba alipotaka kulima kule mwisho aliitoa, wakaikunjua mezani, wakaangalia kwanza lile jalala liko wapi ndo akafunga ng'ombe.